Wenye udongo na kamati zao: nani ana karatasi?

Mijini, mwenye nyumba anayetakiwa kupisha jengo jipya huingia kwenye kamati ya wenzake akiwa na hati yake. Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, wenye udongo wengi huingia mikono mitupu. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na ardhi ya kimila ikasubirishwa amri ya Rais kwa miongo mingi. Nguvu ya kamati basi hutoka kwenye karatasi nyingine.

Rubaya, huko Masisi, kilima kimoja kilikuwa na wenyewe watatu: wakulima kwa mila, kampuni ya SMB kwa kibali, na wachimbaji wa ushirika wa COOPERAMMA kwa sururu. Mwaka 2013 hao wawili wa mwisho waliandikiana kwamba koltani ya wachimbaji inunuliwe na SMB. Ugomvi wa malipo na magendo haukuisha. Tangu waasi wa M23 wautwae mji Aprili 2024, ushuru unakwenda kwao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliukadiria kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi.

Bisie, sekta ya Wanianga huko Walikale, hesabu ni nyingine. Kanuni ya madini ya 2018 inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa wenyeji, na wawakilishi wao wakae na kampuni kuamua matumizi. Kwa mauzo ya dola milioni 100 ni dola 300,000. Si nyingi, lakini kamati haiombi fadhila: inadai. Tatizo ni kwamba hudai fungu la mauzo, na Machi 2025 Alphamin, kampuni yenye mgodi wa Bisie, ilisimamisha kazi vita vilipokaribia. Uchimbaji ukarudi Aprili.

Msituni ndiko wenyeji walikopata karatasi nzito zaidi. Dekreti ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa konsesheni ya msitu wake hadi hekta 50,000, bila ukomo wa miaka, na taratibu za 2016 zinataka mkutano wa wote, kamati ya usimamizi, kamati ya kuichunguza hiyo ya kwanza, na baraza la wazee. (Wenye nyumba wa miji mingi wangetamani kamati hiyo ya pili.) Ila msitu hauna mrabaha unaoingia wenyewe. Ramani, vikao na safari za kufuatilia faili mara nyingi hulipiwa na mashirika wafadhili, na anayelipia ramani huwa na sauti kuhusu mipaka.