Mkanda wa Subaru: hesabu miaka, usihesabu kilomita peke yake

Kwa soko la Marekani, Subaru iliwapa wenye Impreza nyingi za miaka ya 2000 ukomo wa aina mbili wa mkanda wa taimingi: maili 105,000, yaani karibu kilomita 169,000, au miezi 105, kitakachotangulia. Japani kipimo kilichozoeleka ni kilomita 100,000. Wanunuzi wetu hushika kilomita na kuisahau miezi, ilhali kwenye gari la spoti lililozeeka miezi ndiyo hufika kwanza.

Miezi 105 ni miaka minane na miezi tisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane tangu lisajiliwe. Chukua Impreza WRX iliyosajiliwa Japani Januari 2006 na kushushwa Mombasa Desemba 2013. Kilomita 60,000 kwenye dashibodi, rangi inang'aa, tabo inavuta vizuri. Kama mkanda ni ule wa kiwandani, umebakiwa na miezi kumi. Uganda, ambako sheria ya 2018 inaruhusu hadi miaka 15, gari lenye umri huo linaweza kuingia na mkanda uliopitisha muda wake kwa miaka sita na miezi mitatu.

Injini ninayoizungumzia ni EJ20 yenye kamshafti nne. Pistoni zake zimelala pande mbili zikitazamana, na mkanda mmoja mrefu unazunguka kutoka krenkishafti hadi hedi ya kulia, hedi ya kushoto, tenshena, beringi na pampu ya maji. Piga hesabu ya kazi yake. Kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni saa 2,500. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, krenki inakuwa imezunguka mara milioni 375, kamshafti nusu ya hapo, na valvu zote 16 zimefunguka jumla ya mara bilioni tatu. Kila mara, meno ya mpira ndiyo yaliyobeba nguvu ya springi.

Hiyo ni kazi. Umri ni jambo jingine. Gari linalotoka Jumapili tu na kutembea kilomita 5,000 kwa mwaka lingehitaji miaka 20 kufika 100,000, na mpira haulali wakati gari limeegeshwa. Joto na oksijeni vinaukausha. Makadirio ya wahandisi ni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa huwa karibu mara mbili, na chini ya boneti yenye tabo nyuzi 10 si kitu. Sili ya kamshafti ikivuja, mafuta nayo yanaulainisha.

Usiyategemee macho. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka nyufa ambazo fundi aliziona. Mpira wa kisasa wa nitrili, wenye nyuzi za kioo ndani, unaweza kuonekana mzima huku nyuzi zimechoka.

Mkanda ukikatika kwenye mizunguko 3,000, kamshafti zinasimama mara moja, lakini krenki bado inasukumwa na magurudumu, na pistoni zinazigonga valvu zilizobaki wazi. Hapo injini inashushwa.

Sasa pesa. Bei hizi ni za mfano, weka za gereji yako. Mkanda, tenshena na beringi: shilingi 28,000 za Kenya. Pampu ya maji 9,000, sili 4,000, kuleenti 3,000, ufundi 8,000. Jumla 52,000. Ukibadilisha kila baada ya miaka saba, ni kama shilingi 620 kwa mwezi. Ukisubiri ukatike, ongeza valvu 16 kwa 3,500 kila moja, ambazo ni 56,000; gasketi 25,000; kazi ya mashine kwenye hedi 20,000; kushusha na kupandisha injini 40,000. Nyongeza ni 141,000, na ile 52,000 bado utailipa.

Kuahirisha mwaka mmoja kunakuokolea kama 7,400, ambayo ni 52,000 kugawanya kwa saba. Gawanya 141,000 kwa 7,400 upate 19. Maana yake, kuahirisha kunalipa tu ikiwa uwezekano wa mkanda kukatika mwaka huo ni chini ya mmoja kati ya 19. Kwa mkanda wa miaka mitano ningekubali kamari hiyo. Kwa wa miaka kumi na miwili, au usiojulikana umri, sikubali, na sijui fundi makini atakayekubali.

Umri wenyewe hutafutwa hivi. Fungua boneti uangalie kama kuna stika ya gereji ya Japani yenye kilomita na tarehe. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa enzi ya mfalme: ukiwa wa Heisei, ongeza 1988, hivyo 25 ni 2013, ukiwa wa Reiwa, ongeza 2018. Hakuna stika wala risiti? Chukulia mkanda una umri wa gari. Dashibodi isikudanganye, maana kilomita hurudishwa nyuma. Kama injini yako ni FA20 ya WRX za baadaye, ina cheni, na hesabu hii haikuhusu.

Pesa zikipungua, usinunue mkanda peke yake. Beringi iliyochoka ikikwama itaukata mkanda mpya vilevile kama wa zamani. Afadhali uiache pampu isiyovuja na isiyopiga kelele, ulipe 43,000, ukijua kwamba ikianza kuvuja mwaka wa tatu utalipa ufundi mara ya pili.