Jiko la gesi likisumbua: ya kurekebisha nyumbani na ya kumwachia fundi

Moto wa manjano, masizi kwenye sufuria, meko inayozima kabla uji haujachemka. Matatizo haya yanajulikana vyema katika nyumba za Meru na Embu ambako gesi imechukua nafasi ya kuni na makaa. Mengi hurekebishwa kwa dakika chache bila gharama yoyote. Mengine hayafai kuguswa na mtu asiye fundi. Kuyatofautisha huokoa pesa, na wakati mwingine huokoa maisha.

Kanuni ya kukumbuka ni moja. Tatizo la uchafu au maji kwenye bana, yaani sehemu ya juu inayotoa moto, linaweza kushughulikiwa na mwenye jiko. Gesi inayovuja popote, kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye swichi ya jiko, ni kazi ya muuzaji aliyeidhinishwa au fundi.

Kabla ya kuanza

Gesi ifungwe kwenye mtungi, moto wowote ulio karibu uzimwe na jiko liachwe lipoe. Watoto watolewe jikoni. Kazi ifanywe mchana, milango na madirisha yakiwa wazi.

Moto wa manjano na masizi

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa manjano, gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi chanzo ni maziwa, uji au supu ya githeri iliyofurika na kukaukia kwenye bana. Wakati mwingine ni utando wa buibui au mende aliyeziba matundu ya hewa yaliyo chini yake.

Bana iondolewe, ilowekwe kwenye maji moto yenye sabuni, kisha isuguliwe kwa mswaki wa zamani. Matundu ya moto yaliyoziba yanaweza kuzibuliwa kwa pini. Irudishwe ikiwa imekauka kabisa na imekaa sawa, kwa sababu bana iliyolala upande hutoa moto usio sawa.

Tundu dogo linalotoa gesi chini ya bana, ambalo mafundi huliita nozeli, lisichokonolewe kwa sindano wala waya. Likipanuka hata kidogo, gesi inayotoka huzidi kiasi na moto huwa mkubwa na wa hatari.

Moto wa manjano usipuuzwe kwa kuwa tu chakula kinaiva. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika nyumba ya chumba kimoja iliyofungwa usiku, hewa hiyo inaweza kuua.

Moto mdogo au unaofifia

Kwanza iangaliwe kama mpira wa gesi umejikunja au umebanwa na mtungi. Kisha mtungi upimwe kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, hivyo mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kuwa na uzito huo pamoja na kilo 6 za gesi. Wakazi wanahimizwa kuomba mtungi upimwe dukani kabla ya kulipa.

Katika maeneo ya baridi kama Timau, na hasa miezi ya Juni na Julai, moto unaweza kupungua hata kama gesi bado ipo. Ndani ya mtungi gesi huwa majimaji, na baridi huyapunguzia kasi ya kugeuka kuwa hewa. Mtungi usiwekwe karibu na moto wala kumwagiwa maji yaliyochemka. Inatosha kuzima jiko kwa muda, au kutumia bana moja badala ya mbili.

Jiko lisiloshika moto

Kama cheche hazionekani baada ya jiko kuoshwa, huenda kidude cha kuwashia kimelowa. Kipanguswe kwa kitambaa na kuachwa kikauke. Majiko mengine hutumia betri, nayo ibadilishwe. Anayetumia kiberiti awashe njiti kwanza, ndipo afungue gesi.

Harufu ya gesi

Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Harufu kali inayosikika huongezwa makusudi ili kuwaonya watu. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya sakafuni na chini ya kitanda.

Harufu ikisikika, gesi ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe na watu wote watoke nje. Taa isiwashwe wala kuzimwa, kwa sababu swichi yoyote ya umeme inaweza kutoa cheche. Simu ipigwe nje ya nyumba.

Harufu ikishaisha, mahali panapovuja patafutwe kwa povu la sabuni. Povu lipakwe kwenye maungio na kwenye mpira, kisha gesi ifunguliwe kidogo pasipo moto wowote. Viputo vikifura, hapo ndipo panapovuja, na gesi ifungwe mara moja. Kiberiti kisitumiwe kutafuta mvujo hata siku moja.

Mpira uliopasuka au kuwa mgumu ubadilishwe kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, na klipu zikazwe pande zote mbili. Mvujo ukiwa kwenye vali ya mtungi au kwenye regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya gesi, kirudishwe kwa muuzaji. Sabuni ya kipande, gundi na mpira wa tyubu haviwezi kuzuia presha hiyo.

Mtungi usio na mwenyewe

Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya kampuni hiyo. Mtungi uliojazwa kwa siri huenda haukukaguliwa vali wala kupimwa uzito. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Mamlaka ya EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo. Gesi inunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, na lakiri ya mtungi ikaguliwe kabla ya kuondoka dukani.

Moto ukizuka

Gesi ifungwe ikiwa mtu anaweza kuifikia bila kuungua. Kama haiwezekani, watu watoke na kupiga 999 au 112. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe hospitalini.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti. Kila nyumba ihifadhi nambari ya kituo cha zimamoto kilicho karibu, ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto anaweza kuisoma.