Nguvu za kiume zikipungua, anzia kituo cha afya kabla ya soko

Katika makazi ya wakimbizi, jambo hili huzungumzwa kwa mzaha au halizungumzwi kabisa. Mume hukaa nje hadi mke asinzie. Mke naye huanza kudhani kuna mwanamke mwingine. Wengine husema amerogwa, au "amefungwa". Kumbe mara nyingi ni tatizo la kiafya linaloweza kutibiwa.

Ni tatizo gani?

Upungufu wa nguvu za kiume ni hali ya uume kushindwa kusimama, au kusimama na kulegea kabla ya tendo la ndoa kukamilika, na hali hiyo ikajirudia. Kushindwa siku moja kwa sababu ya uchovu, pombe au mawazo si ugonjwa. Lakini hali ikiendelea kwa miezi 3 hivi, ni vizuri kupimwa. Tatizo hili pia si sawa na utasa: mwanaume anaweza kuwa nalo na mbegu zake zikawa nzima.

Kwa nini hutokea?

Uume husimama pale ubongo unapotuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, na damu ikaingia kwa wingi na kubaki humo. Kwa hiyo kitu chochote kinachoharibu mishipa ya damu au ya fahamu kinaweza kuleta shida: kisukari, presha, sigara, pombe nyingi, au jeraha la uti wa mgongo. Baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo pia huchangia.

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huweza kuziba mapema. Ndiyo maana tatizo hili linaweza kuwa onyo la ugonjwa wa moyo unaokuja miaka kadhaa baadaye. Anayeficha aibu anaweza kuwa anaficha kisukari au presha asiyoijua.

Sababu nyingine ni za moyoni. Vita, kufiwa, kupoteza kazi na heshima ya nyumba, au kufanyiwa ukatili, ukiwemo wa kingono, huacha alama. Wanaume pia hufanyiwa ukatili huo, na si kosa lao. Ikiwa uume husimama vizuri asubuhi unapoamka lakini si ukiwa na mwenzi wako, huenda chanzo ni mawazo zaidi kuliko mwili. Mara nyingi sababu hizi huchanganyika.

Dawa za sokoni

Vidonge na unga wa "nguvu" huuzwa barabarani na kwa wachuuzi. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta bidhaa zinazoitwa za mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa halisi ya nguvu za kiume. Dawa hiyo husaidia wengi ikiandikwa na daktari. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akiimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla hadi akafa.

Ukifika kituoni

Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali katika makazi kama Nakivale na Kyangwali huhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Huenda dawa ya nguvu za kiume isiwepo, lakini omba kupimwa presha na sukari. Sema wazi: "Uume wangu hausimami vizuri tangu miezi fulani." Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Usiache dawa ya presha au kisukari mwenyewe. Mwambie mhudumu, anaweza kuibadilisha.

Kama mkalimani ni jirani yako au ni mwanamke na unaona haya, una haki ya kuomba mwingine. Mhudumu na mkalimani wanapaswa kutunza siri yako. Kama chanzo ni mawazo au mambo uliyopitia, omba kuonana na mshauri nasaha.

Nenda haraka ikiwa:

- uume umesimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hasa kwa mwenye selimundu;
- unasikia maumivu ya kifua wakati wa tendo au baada yake;
- tatizo limeanza baada ya kuumia mgongo au nyonga;
- una kiu sana, unakojoa mara kwa mara na unakonda;
- unafikiria kujidhuru.

Nyumbani, kupunguza pombe, kuacha sigara na kutembea kila siku husaidia mishipa ya damu. Na ongea na mwenzi wako. Mke akijua kwamba mumewe anaumwa, hana sababu ya kudhani amechokwa. Wengi hupata nafuu wanapokwenda kituoni wawili.