Je, Wajua? Siki Hufichua Baka

Katika kliniki nyingi za Tanzania na Kenya, ili kuchunguza dalili za saratani, mlango wa kizazi hupakwa asidi ya siki kwa pamba, husubiriwa dakika 1, kisha humulikwa taa. Usipoonekana weupe usio wa kawaida, jibu ni hasi. Utapimwa tena baada ya miaka 3, au mapema zaidi ukiwa na VVU. Likijitokeza baka jeupe zito, jibu ni chanya, na hapo wengi hushtuka bure: mara nyingi ni seli zilizobadilika, au maambukizi tu, si saratani. Seli hizo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Baka dogo huweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyohiyo, bila kulazwa.