Mwangwi Ndani ya Waya

Mtu akisimama mbele ya jabali na kupiga ukelele, husikia sauti yake ikimrudia. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja, jabali liko umbali wa mita 170, kwani sauti imekwenda na kurudi. Kwa kanuni hiyo hiyo mafundi hutambua mahali waya wa mtandao wa kompyuta ulipokatika, hata ukiwa umefichwa ukutani.

Mtandao uitwao Etheneti ulianza kubuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe, akishirikiana na David Boggs, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Katika mitandao ya awali kompyuta zote ziliungwa kwenye kebo moja. Kipande kimoja cha kebo nene iliyotumika miaka ya 1980 kiliweza kufikia mita 500. Kila ncha ilifungwa rezista ya omu 50 ili kumeza ishara za umeme zisirudi nyuma. Kebo ilipokatika, ishara zilirudi kutoka mahali hapo na kuvuruga zile zilizokuwa zikienda. Hivyo dosari moja ndogo iliweza kusimamisha kazi ya ofisi nzima, ilhali hapakuwa na kompyuta hata moja iliyoharibika.

Hata hivyo, ishara hiyo irudiyo ndiyo pia inayotoa habari. Chombo maalumu hupeleka pigo fupi la umeme na kupima muda hadi mwangwi wake urudipo. Katika kebo nyingi pigo husafiri kwa kiasi cha theluthi mbili za mwendo wa mwanga, yaani mita 200 hivi katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya muda huo, dosari iko umbali wa mita 100. Aidha, waya ukiwa umekatika, pigo hurudi na umbo lile lile. Nyaya zikigusana na kufanya shoti, hurudi likiwa limepinduka.

Tangu kanuni mpya za mwaka 1990, kompyuta iliweza kuwa na waya wake hadi kwenye kituo cha kati, na waya mmoja ukiharibika nyingine huendelea na kazi. Siku hizi swichi nyingi zina uwezo wa kupima mwangwi zenyewe.

Lakini kipimo chahitaji uangalifu. Fundi akikosea mwendo wa pigo kwa asilimia 10, katika mita 100 atapotea kwa mita 10, na huenda akabomoa ukuta usiohusika. Kwa hiyo, waya ukiwa umekatika mahali pamoja, yafaa apime kutoka ncha zote mbili. Jumla ya vipimo hivyo ikilingana na urefu wa waya, ndipo achukue nyundo.