Ekru za gurudumu: tuchague nzuri, tufunge vizuri, mavuno yafike sokoni

Mwezi wa tano na wa sita ni wakati wa kupakia. Mahindi yamekauka, magunia yameshonwa, na kila koperative inatafuta gari ya kupeleka mali Lubumbashi. Kutoka Kinsevere mpaka mjini si mbali, ni karibu kilometa 30. Lakini kuna vumbi, mashimo na mawimbi ya udongo, na makamio mazito ya migodi yanapita mchana na usiku. Gari inatetemeka njia nzima, na kila kitu kilichofungwa kwa ekru kinatafuta kufunguka.

Msimu huu tuliona hiyo kwa macho yetu. Pikipu ya koperative moja ya upande wetu, Toyota ya zamani, ilikuwa imebeba magunia 18 ya mahindi, na bamama watatu walikaa juu yake. Njiani shofere akasikia nyuma tok-tok-tok. Akafikiri ni resoro. Baada ya kilometa chache gurudumu la nyuma la kushoto likatoka, likapita gari mbele, likakata njia na kuingia kwenye majani, hatua chache kutoka fasi watoto walikuwa wanauzisha maembe makavu na karanga. Gari ikakaa chini juu ya ngoma ya freni.

Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Mama mmoja alivunjika mkono. Magunia manne yalipasuka, na mununuzi aliyekuwa anangoja mjini akanunua mahindi ya watu wengine siku ileile.

Tulipofika, tulitazama zile bulo sita. Tatu zilikuwa zimekatika. Mbili zilikuwa zimeliwa meno kabisa. Moja tu ilikuwa bado na ekru yake, tena imelegea. Tukauliza, na maneno yakatoka polepole. Wiki tatu kabla ya hapo ekru mbili zilikuwa zimepotea. Mama kesye alitumwa kununua zingine. "Muuzaji aliniambia ekru ni ekru, zote iko sawa," alisema. Shofere naye akaeleza: "Kle ni ileile ya 21, ikaingia. Ilikuwa ngumu kidogo, njo nikatia bomba juu ya kle nipate nguvu."

Zile ekru mbili zilikuwa za Nissan.

Kwa nini ile kle ya 21 ilidanganya

Toyota nyingi na Nissan nyingi za ukubwa ule zinatumia bulo yenye unene wa milimita 12, na ekru zake zinafunguliwa na kle ileile ya 21. Ukizitazama kwa jicho, ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti iko ndani, kwenye meno. Toyota inatoka jino moja mpaka jino lingine milimita 1.5. Nissan ni milimita 1.25. Ukiweka ekru ya Nissan kwenye bulo ya Toyota, inaingia mzunguko mmoja au miwili, halafu inakuwa ngumu. Mtu anafikiri ni kutu. Anatia bomba, anasukuma kwa nguvu, na ekru inakwenda mbele kwa kukata meno ya bulo. Kwa mkono inaonekana imekazwa sana. Kumbe haikushika kitu.

Kwetu hapa kosa hilo ni rahisi. Magari mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, yanapita Dar es Salaam na Zambia, yanaingia Kasumbalesa. Piesi za okazio zinauzwa zimechanganywa ndani ya bakuli moja. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui ile ekru ilitoka kwenye gari gani.

Ekru inafanya kazi gani

Wengi tunafikiri bulo ndiyo inabeba gurudumu, kama msumari unavyobeba kofia ukutani. Sivyo. Fikirini kamba tunayofungia magunia. Kamba ikivutwa sana, magunia yanabanana na mzigo hausogei. Kamba ikilegea, hata kama haijakatika, magunia yanaanza kucheza, na mwishowe yanaanguka.

Ekru inafanya vilevile. Ukiikaza, inavuta bulo kidogo sana, na bulo inabana janti juu ya ngoma. Ule mubano ndio unabeba mzigo. Mubano ukipotea, janti inaanza kucheza na kupiga bulo huku na huku, mara elfu kwa kila safari. Chuma kinachoka, kinakatika. Kwenye ile pikipu, ekru mbili hazikubana kitu, basi zile nne zilibeba kazi ya sita. Zikalegea, kisha bulo zikakatika moja baada ya moja. Ile tok-tok-tok haikuwa resoro.

Kuchagua ekru: maulizo matatu

Ulizo la kwanza: bulo ina unene gani? Gari ndogo na pikipu nyingi za Kijapani ni milimita 12. Land Cruiser nyingi za miaka ya karibuni ni milimita 14. Pima bulo yako mwenyewe, usipime kwa jina la gari tu, kwa sababu gari ya zamani inaweza kuwa imebadilishwa.

Ulizo la pili: meno yako mbali namna gani? Chukua rula ya mutoto wa masomo. Hesabu nafasi 10 za meno kwenye bulo safi. Zikifika milimita 15, ni meno ya 1.5. Zikifika milimita 12 na nusu, ni meno ya 1.25. Njia nyingine nzuri zaidi: peleka sokoni ekru moja nzima ya gari yako pamoja na bulo moja ya zamani. Ekru mpya izunguke juu ya ile bulo kwa vidole tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikikataa vidole, irudishe kwenye bakuli. Kle haitaitengeneza.

Ulizo la tatu: uso wa ekru unakaa namna gani kwenye janti? Kuna ekru zenye koni, ambazo zinaingia kwenye shimo la janti lililochongwa koni vilevile. Kuna zenye uso wa duara kama yai. Kuna zenye uso bapa na rondele, ambazo Toyota inatumia kwenye janti zake nyingi za aluminiamu. Hazibadilishani. Ekru ya koni kwenye shimo bapa inagusa kwenye ukingo mdogo tu, na itafunguka. Angalieni pia pine ya akiba: mara nyingi janti nne ni za aluminiamu na ya akiba ni ya chuma. Basi inaweza kuomba ekru zake. Ziwekeni ndani ya mufuko, zifungeni karibu na kriki.

Magari mengi ya Ulaya hayana ekru kabisa. Yana bulo ndefu zinazoingia moja kwa moja ndani ya ngoma. Hapo tazameni urefu pia: fupi haishiki, na ndefu sana inaweza kugusa vitu vya freni ndani.

Kufunga, hatua kwa hatua

Simamisheni gari fasi iliyo sawa na ngumu, vuteni freni ya mkono, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Bamama na watoto washuke. Mzigo ukiwa mkubwa, ushushwe kwanza.

Safisheni bulo kwa brosi ya chuma. Safisheni pia uso wa ngoma na uso wa janti pale zinapogusana. Kutu, matope na rangi nene vinakaa katikati. Baada ya safari moja vinabonyea, na ekru inabaki imelegea.

Msipake mafuta wala grese kwenye meno, kama kitabu cha gari hakisemi hivyo. Tunajua wengi wanapaka ili ifunguke rahisi siku nyingine. Lakini meno yenye grese yanateleza. Kwa nguvu ileile ya mkono bulo inavutwa kupita kiasi, inaweza kunyooka au kukatika.

Anzeni kila ekru kwa vidole. Upande wa koni unatazama janti. Tumeona watu wanaoweka upande wa bapa ndani kwa haraka ya giza. Hesabuni mizunguko: ekru inapaswa kushika bulo kwa urefu usiopungua unene wa ile bulo. Kwa bulo ya milimita 12 yenye meno 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa meno 1.25, ni karibu 10. Ikikaza mapema kabla ya hapo, kuna neno. Ifungueni, tazameni.

Kazeni kwa kuruka. Gurudumu lenye ekru sita: funga ya juu, kisha ile inayoitazama chini, kisha uende jozi nyingine. Lenye tano: ruka moja kila mara, kama unachora nyota. Mkono wa kwanza, kazeni kidogo gari ikiwa juu. Mkono wa pili, shusheni gari chini na mukaze kabisa.

Bido ya maji kama mizani

Kitabu cha Toyota Corolla kinaomba nguvu ya niutoni-mita 103. Gari nyingi zenye bulo ya milimita 12 ziko karibu na hapo, kati ya 100 na 120. Zenye bulo ya 14 zinaomba zaidi. Someni kitabu chake. Fundi mwenye kle ya kupima anaweza kukaza sawasawa. Lakini koperative ambayo haina kle hiyo inaweza kupata kipimo kwa bido.

Bido ya litre 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo juu. Pima kwenye kle, pamoja na bomba kama iko, sentimita 50 kutoka katikati ya ekru. Weka alama. Kle ilale sawa, kama meza. Tundika bido polepole pale kwenye alama, bila kuitupa. Hapo umepata karibu niutoni-mita 100. Ekru ikisimama, inatosha. Ikiendelea kuzunguka mpaka kle ikainama, rudisha kle ilale tena na urudie.

Fanyeni hivyo mara chache, kila mmoja ajaribu, na mkono utajifunza. Mtashangaa kuona ni nguvu ndogo kuliko ile ya kijana anayeruka juu ya bomba kwa miguu miwili. Bomba lenyewe si kosa. Kosa ni nguvu isiyo na kipimo.

Baada ya kwenda na kurudi mjini mara moja, kazeni tena. Vitabu vingi vinaomba kilometa 50 mpaka 100, na kwetu hiyo ni safari moja ya soko. Kisha choreni mustari mdogo wa rangi unaopita juu ya ekru na kuendelea kwenye janti. Mustari ukivunjika, ekru imezunguka. Kwenye makamio mengi ya migodi mtaona vishale vya plastiki juu ya ekru; vinafanya kazi ileile. Rangi yetu ni bei ndogo.

Kwa wenye kamio ya pine mbili nyuma

Kwenye makamio mengi ya zamani ya Kijapani, bulo za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Tazameni kichwa cha bulo: L ni kushoto, R ni kulia. Anayesukuma bila kutazama anakaza akifikiri anafungua, mpaka bulo ikatike. Tena kuna ekru ya ndani na ya nje. Ya ndani inashika pine ya ndani, ikazwe kwanza. Siku ya kuikaza tena, legezeni ya nje kwanza, kazeni ya ndani, kisha rudini kwa ya nje.

Bulo moja ikikatika

Msiseme "tano zinabaki, zinatosha." Bulo ikikatika, jirani zake mbili zimebeba mzigo wake, zibadilishwe pamoja nayo. Zikikatika mbili au zaidi, badilisheni zote za gurudumu hilo. Janti ambayo mashimo yake yamekuwa marefu kama yai, au inang'aa na kumwaga kutu kuzunguka shimo, haina dawa. Isifungwe tena kwenye gari ya watu.

Nani alipe?

Tumalizie na lile lililotuumiza zaidi. Komite ya ile koperative ilitaka kumkata shofere mshahara wa miezi mitatu. Tulikaa nao chini ya muembe mchana mzima. Shofere akasema alitoa habari mara mbili kwamba ekru zimepotea, na asubuhi ile alisema gari haitembei vizuri. Alijibiwa: "Papa, mununuzi anangoja, twende tu, tutaona mbele." Prezida alinyamaza kwanza. Halafu akakubali kwamba sauti ile ilikuwa yake.

Mshahara haukukatwa. Koperative ililipa dawa ya yule mama, na ikaandika sheria tatu ndani ya daftari lake. Feza ya ekru na bulo inatengwa kabla ya msimu, haisubiri mkutano. Kila asubuhi ya safari shofere anazunguka gari na kle mkononi. Na akisema gari haiondoki, haiondoki, hata kama mununuzi anapiga simu mara kumi.

Tunaomba kila koperative isome sheria hizi tatu kwenye mkutano wake ujao, na mama mmoja aliyewahi kukaa juu ya magunia apewe neno la kwanza.