Mizani Haijui Mlima

Mtu wa Buger, wilayani Karatu, anayetoka kuchota maji na ndoo ya lita 20 amebeba kilo 20, na njia ya kurudi nyumbani ina mlima. Akifika juu bila kupumzika, akakusalimia na kukuuliza habari za watoto bila kuhema, kifua chake kimeshakupa majibu ambayo mizani haina. Lakini waulize wanaoanza mazoezi leo, pale Karatu mjini au kwingineko: watakutajia kilo tu. Mwezi ukiisha na kilo hazijashuka, raba zinarudi uvunguni.

Hilo linaniuma, maana ushahidi wa kuwatia moyo umetoka huku huku kwetu, kando ya Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa nguvu ambayo Wahadzabe 30 waliitumia kwa siku. Waliwanywesha maji yenye alama maalumu, kisha wakapima mkojo wao. Wanaume walitembea kama kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ungedhani wanaunguza chakula kuliko watu wote duniani. Wapi! Ukizingatia ukubwa wa mwili, walitumia nguvu sawasawa na Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wamekaa. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi kwingineko. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea kila siku, mshale wa mizani ukagoma.

Je, jasho lake limepotea bure? Hata kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, ulioongozwa na David Raichlen, uliwakuta Wahadzabe wakijishughulisha kwa kiwango cha wastani au zaidi dakika 135 kwa siku, karibu sawa na dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima azifikishe kwa wiki nzima. Wenye shinikizo la damu walikuwa wachache, hata miongoni mwa wazee.

Faida hiyo inaonekana ukijua pa kuitafuta. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yaandike. Ukishikilia mazoezi kwa wiki kadhaa, mara nyingi yanapungua, kwa kuwa moyo sasa unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Kiuno nacho kipime kwa futi ya fundi cherehani. Kisifikie nusu ya urefu wako. Misuli ikiongezeka huku mafuta yakipungua, kilo zinaweza kubaki zilezile na suruali ikalegea.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alipimwa kwa saa. Nawe chagua njia moja yenye mlima, uipande kwa saa, urudie baada ya wiki sita. Ila kama presha yako imefika 140/90, pitia kwanza zahanati.